Rider Haggard na Mashimo ya Mfalme Sulemani: Hadithi iliyovuka mpaka bila mwenyewe

MSAFIRI atokaye Nairobi kwenda Kampala kwa barabara kuu huvuka mpaka ama Malaba ama Busia. Mnamo 1883 mpaka huo haukuwapo. Desemba mwaka huo mvumbuzi kutoka Uskochi, Joseph Thomson, alifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria katika nchi ya Samia, ambayo leo imo katika Kaunti ya Busia. Kutoka huko aligeuka kuelekea Mlima Elgon, ulio kaskazini-mashariki mwa Malaba, akaingia katika mapango yake na kujisadikisha kwamba yalichimbwa na taifa la kale lililotafuta vito au madini. Siku hizi inajulikana kwamba ndovu ndio ambao wamekuwa wakiyapanua kwa pembe zao, nao hutafuta chumvi.

Kitabu cha Thomson kilichapishwa London mapema 1885. Septemba mwaka huo huo kilitoka kingine kuhusu mashimo ya kale na hazina yake. Mwandishi wake, Henry Rider Haggard, hakuyahitaji mapango ya Elgon, kwani fikira zake zilikuwa kusini mwa Afrika alikoishi ujanani. Lakini ilikuwa ni nchi hii ya mpakani na jirani zake ambayo, miaka 25 baada ya kifo chake, ilikuja kuipa hadithi hiyo sura inayokumbukwa na wengi.

Haggard alizaliwa Juni 22, 1856, huko Bradenham, Norfolk, mtoto wa nane kati ya kumi. Babake alimwona mzito wa akili na hakumsomesha katika shule za gharama kama kaka zake. Akiwa na umri wa miaka 19 alipelekwa Natal kumtumikia gavana. Aprili 1877 alikuwa Pretoria Uingereza ilipoinyakua Transvaal. Afisa aliyekuwa akisoma tangazo alikatikiwa na sauti, kijana Haggard akaipokea karatasi na kuendelea kusoma, kisha akasaidia kuipandisha bendera. Jambo hilo halifai kusahaulika na yeyote asomaye vitabu vyake. Aliwastahi Wazulu na Waswazi kuliko wenzake wengi, na mzee mmoja wa Kiswazi aliyemfahamu huko alimpa umbo la shujaa Umslopogaas. Hata hivyo, hakutilia shaka haki ya bendera ile.

Alirudi kwao 1881, baada ya kujaribu ufugaji wa mbuni, akasomea sheria. Siku moja nduguye alikisifu Treasure Island cha Robert Louis Stevenson. Haggard akajigamba kwamba naye angeweza kuandika kitabu kama hicho, wakawekeana dau la shilingi tano. Alikimaliza kwa takriban majuma sita. Mchapishaji alimpa hiari: pauni 100 papo hapo au asilimia kumi ya mauzo. Alikuwa karibu kuzichukua pauni 100 wakati karani mmoja alipomnong'oneza achague asilimia, naye akatii. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala zipatazo 31,000.

Kitabu kilichofuata, Allan Quatermain cha 1887, kinaanzia Lamu na kupanda Mto Tana hadi nchi ya Wamaasai. Haggard hakuwahi kutembea huko. Nduguye John alikuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Lamu na alimpa habari. Nyingine alizitoa katika kitabu cha Thomson, na deni hilo alilikiri waziwazi.

Mnamo 1891, akiwa na mkewe nchini Meksiko, alifikiwa na habari kwamba mwanawe wa pekee, Jock, amefariki kwa surua. Tangu hapo hakutaka jina la mtoto huyo litajwe nyumbani. Aliendelea kuandika, akachunguza hali ya wakulima wa Uingereza, akapewa cheo cha Sir 1912. Sinema aliikuta ingali bubu, na filamu ya She ya 1925 aliiandikia mwenyewe maneno ya kusomwa kwenye skrini. Alifariki Mei 14 mwaka huo.

Mashimo yake yalikuwa yamekwisha kufanywa filamu huko Afrika Kusini 1918. Ya 1937 ilimleta mwimbaji Mmarekani mweusi Paul Robeson akiwa Umbopa. Lakini kubwa zaidi ni ile ya kampuni ya MGM ya 1950, iliyogharimu zaidi ya dola milioni mbili. Picha zake zilipigwa Rumuruti nchini Kenya, kwenye maporomoko ya Murchison nchini Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi. Kwa hiyo nchi ya mpaka ikawa katikati ya filamu ambayo kitabu chake huanzia Durban.

Na humo ndimo hadithi ilimobadilishwa. Kitabuni Sir Henry Curtis anamtafuta nduguye, na hakuna mwanamke wa Kizungu safarini. Katika filamu Deborah Kerr anamtafuta mumewe, na Allan Quatermain, ambaye kitabuni ni mzee mfupi wa miaka 55, anakuwa Stewart Granger, kijana mrefu wa kupendeza. Vita vikuu vya kukirudisha kiti cha enzi kwa mwenyewe vimekuwa pambano la watu wawili. Kilichobaki ni nyumbu na pundamilia wakitimua mbio, pamoja na wacheza ngoma Watutsi waliofanywa wenyeji wa Ukukuana. Wimbo wa Hollywood haumo. Sauti ni za muziki wa Kiafrika, na hilo ni busara. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, za upigaji picha na uhariri. Mnamo 1959 MGM ilizitumia tena baadhi ya picha hizo katika filamu nyingine, Watusi.

Msomaji wa Kiswahili alikuwa amekwisha kuwa na nakala iliyo karibu zaidi na asili. Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930, alikuwa amekitafsiri kitabu hicho 1929. Umbopa wake anapigana vita vyake vyote hadi mwisho, na Quatermain bado ni mzee.