Maxwell, mtu wa rangi tatu

Ukirekodi video ya mkorosho pale Chiola, simu yako hupima mwanga kwa rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Wataalamu huandika programu ya kuzitenganisha video ikiwa bado inaendelea. Bibo jekundu hung'aa kwenye picha nyekundu, majani kwenye ya kijani.

Njia hiyo tunaidai kwa James Clerk Maxwell, aliyezaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1831. Alipokuwa na miaka 8, mama yake alifariki kwa saratani ya tumbo.

Mwaka 1861, jijini London, alionyesha picha tatu za utepe mmoja zilizopigwa na Thomas Sutton, kila moja kupitia kichujio cha rangi yake. Zilipomulikwa zikapandana, utepe ukaonekana na rangi zake. Hapo bahati nayo ilisaidia, maana dawa ya picha ya siku hizo haikunasa vizuri mwanga mwekundu. Ilinasa mwanga mwingine usioonekana kwa macho.

Hesabu zake ndizo pia zilizoonyesha kwamba mawimbi kama haya ya redio yapo. Heinrich Hertz aliyathibitisha miaka ya 1880. Maxwell hakuyashuhudia: saratani ileile ilimwua mwaka 1879, akiwa na miaka 48.