Santos-Dumont: Kijana wa kahawa aliyeunda ndege ya mianzi, akagawa michoro bure

Kila baada ya muda utaona video ya kijana fulani mashinani aliyeunda ndege nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Kuna wanaompigia makofi na kuna wanaocheka. Halafu hakosekani yule wa kuuliza: kwani huyu alisomea wapi?

Swali hilo lingemhusu pia Alberto Santos-Dumont. Hakuwahi kupata digrii yoyote. Hata hivyo, nchini kwao Brazil anaitwa baba wa usafiri wa angani, na uwanja mmoja wa ndege jijini Rio de Janeiro una jina lake.

Alizaliwa Julai 20, 1873 katika jimbo la Minas Gerais. Babake, Henrique, alikuwa tajiri mkubwa wa kahawa. Wakati watoto wengine wa matajiri walikuwa wakicheza na farasi, Alberto alishinda kwenye mitambo ya kukoboa kahawa, akiangalia mikanda inavyozunguka na ni wapi mashine huharibika. Akiwa bado mvulana, alikuwa akiendesha garimoshi la shambani. Hiyo ndiyo iliyokuwa karakana yake ya kwanza.

Kisha babake alipata ajali iliyompoozesha. Mzee akauza shamba, akamkatia kijana fungu lake la mali akiwa na miaka 18 tu, na kumtuma Paris. Ushauri wake haukuwa wa kawaida: asijisumbue na vyeo vya chuo, atafute mwalimu wa kumfunza fizikia, kemia, umeme na mitambo. Alberto akafanya hivyo hivyo.

Tuseme ukweli hapa. Jamaa alikuwa na pesa. Kuacha chuo ukiwa na mamilioni ya kahawa si sawa na kuacha kwa sababu karo imekwama. Lakini Paris ilikuwa na matajiri wengi, na si wengi waliokuwa tayari kuchafua mikono na kuhatarisha shingo zao kama yeye.

Alianza na maputo mwaka 1898. Baadaye akachukua injini ya petroli na kuifunga chini ya puto refu lililojaa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi sana. Watu walidhani ni wazimu. Agosti 1901, puto lake la tano lilipoteza gesi na kuangukia jengo la hoteli. Alibaki ananing'inia ukutani hadi wazimamoto walipomtoa. Akajenga la sita mara moja. Oktoba 19 mwaka huo huo alitoka Saint-Cloud, akazunguka mnara wa Eiffel na kurudi, safari ya kilomita 11 ndani ya dakika 30 hivi. Zawadi ilikuwa faranga 100,000. Aliigawa kwa wafanyakazi wake na kwa maskini wa Paris.

Alikuwa na puto dogo, nambari tisa, ambalo aliliendesha mjini kama vile wewe unavyochukua bodaboda. Alishuka nalo hadi mlangoni mwake katika barabara ya Champs-Élysées, akanywa kahawa, akaondoka. Hata saa ya mkononi ina hadithi yake hapo: rafiki yake Louis Cartier alimtengenezea moja mwaka 1904, ili asiwe akitafuta saa mfukoni huku mikono imeshika usukani.

Baadaye akageukia ndege yenye mabawa. Oktoba 23, 1906 aliruka mita 60 hivi mbele ya umati wa Paris na ndege iliyoitwa 14-bis. Novemba 12 akafika mita 220. Wabrazili wengi husema yeye ndiye wa kwanza. Ukweli ni kwamba Wright na nduguye walikuwa wameruka Kitty Hawk, Marekani, Desemba 17, 1903, ila watu wachache sana waliona. Ubishi huo haujaisha hadi leo, na mimi siutatui hapa.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ilikuja baadaye. Ni ndege ndogo iliyoitwa Demoiselle, neno la Kifaransa lenye maana ya binti, na pia jina la mdudu wa jamii ya kereng'ende. Ukiitazama unaona kereng'ende kabisa: mabawa ya hariri yenye upana wa mita 5 hivi, mkia mrefu ulioshikiliwa na mianzi, rubani ameketi chini ya bawa karibu aguse nyasi. Nzima haikuzidi sana kilo 110.

Hakuipata mara moja. Ya kwanza, ya 1907, iliruka kidogo tu, mwili wake ukiwa mwepesi kupita kiasi. Akabadilisha injini. Akaishusha hadi miguuni mwa rubani na kuzungusha pangaboi kwa mkanda, haikufaa, akairudisha juu ya bawa. Akaimarisha mwili kwa mianzi mitatu iliyopangwa kwa umbo la pembetatu. Ili ndege isilale upande mmoja, nyaya za kukunja ncha za mabawa ziliunganishwa na koti lake mgongoni: akiinama kushoto au kulia, bawa linajikunja. Kufikia Septemba 1909 alikuwa akiruka nayo kutoka Saint-Cyr hadi Buc, kilomita 8 hivi.

Hapo ndipo angetajirika upya. Wright na nduguye walikuwa wamechukua hataza, ile hati ya kuzuia wengine kuiga uvumbuzi wako, na wakawapeleka washindani wao mahakamani. Santos-Dumont hakuchukua hataza ya Demoiselle. Alimruhusu yeyote aijenge. Mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics la Marekani lilichapisha michoro yake na vipimo, na mafundi wa nchi mbalimbali wakaanza kukata mianzi. Roland Garros, rubani ambaye jina lake unalijua kwa sababu ya tenisi, alianza kuruka na Demoiselle.

Michoro ya bure haikumaanisha kazi rahisi. Santos-Dumont alikuwa mdogo wa mwili, kilo 50 hivi, na ndege aliipima kwa mwili wake. Ukiwa na kilo 80, ukiiga kila kipimo chake bila kufikiri, mashine itakusumbua. Waliofaulu ni walioelewa kwa nini kila kitu kiliwekwa pale kilipo, kisha wakarekebisha.

Yeye mwenyewe hakuendelea sana. Januari 1910 waya ulikatika angani, akaanguka. Alipona, lakini ugonjwa wa neva ukaanza kumtafuna na akaacha urubani. Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, na chombo alichokigawa bila kinyongo kikaanza kubeba mabomu. Mwaka 1926 aliiandikia Ligi ya Mataifa akiomba ndege zipigwe marufuku vitani. Hakusikilizwa.

Mwaka 1928 alikuwa akirudi Brazil kwa meli. Ndege iliyobeba wasomi na wahandisi ikaruka kwenda kumlaki, ikaanguka baharini mbele ya macho yake. Wote waliokuwa ndani walikufa. Miaka minne baadaye, jimbo la São Paulo likipigana na serikali na ndege za Wabrazili zikiwashambulia Wabrazili, alijitoa uhai mjini Guarujá, Julai 23, 1932. Alikuwa ametimiza miaka 59 siku tatu tu awali.

Ni mwisho mzito, na si haki kuuficha ili hadithi iwe tamu. Lakini pia si haki kumkumbuka kwa siku hiyo moja. Demoiselle bado hujengwa na watu wanaopenda ndege za zamani, wakifuata michoro ile ile. Ukitaka kuisoma leo, huhitaji cheti wala ruhusa ya mtu. Ukitaka kuirusha hapa kwetu, hapo sasa utapitia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na upime uzito wako kwanza.