Harriet Tubman na kifafa kisichoangusha mtu

Mama na mlezi, huenda umesikia habari za Harriet Tubman, mwanamke mweusi wa Marekani aliyetoroka utumwa kisha akarudi kuwatoa wenzake. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kazi hiyo aliifanya akiwa mgonjwa wa ubongo.

Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, yapata mwaka 1822. Akiwa na miaka kati ya 12 na 15, alikuwa mlangoni mwa duka wakati msimamizi wa shamba alipomrushia kijana aliyekuwa akikimbia jiwe la mizani la chuma, uzito wake karibu kilo moja. Likamkosa kijana, likampiga Harriet kichwani. Alibebwa akivuja damu, akalala siku mbili bila matibabu yoyote, kisha akarudishwa shambani.

Tangu hapo akawa anasinzia ghafla. Alikuwa akizungumza na watu, mara ananyamaza katikati ya maneno, na kumwamsha haikuwezekana. Baadaye aliinuka na kuendelea pale alipoishia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Bwana wake alijaribu kumuuza, hakupata mnunuzi.

Wakati ule hakupimwa. Wataalamu wengi wa leo wanadhani kilikuwa kifafa kilichotokana na lile jeraha, ingawa wapo wanaofikiria ugonjwa mwingine wa usingizi.

Ninamtaja kwa sababu wazazi wengi ninaowahudumia wanakijua kifafa cha kuanguka, kukakamaa na kutoka povu tu. Kipo kingine. Mtoto anaduwaa, macho yamekodoa, anatafunatafuna au kushikashika nguo, unamwita hasikii. Baada ya dakika moja au mbili anarudi, amechanganyikiwa, hakumbuki kitu. Huyo shuleni huitwa mvivu, na wengine huchapwa kwa ugonjwa wasioujua. Likijirudia zaidi ya mara moja, mpeleke kituo cha afya.

Harriet alitoroka mwaka 1849 hadi Philadelphia. Akarudi Maryland mara 13 hivi na kuwatoa watu wapatao 70, wakitembea usiku, na usingizi ule ulimpata hata njiani. Waliofuatana naye walikaa wakimsubiri azinduke. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa pia muuguzi wa wanajeshi (sisi wauguzi tunajivunia hilo), na mwaka 1863 aliongoza msafara wa mto Combahee uliowakomboa watu zaidi ya 700.

Mtoto wako akigongwa kichwa, usisubiri siku mbili. Akipoteza fahamu hata kidogo, akitapika mara kwa mara, akiwa na usingizi usio wa kawaida, kichwa kikizidi kuuma, akitoka damu au majimaji puani au masikioni, au akipata degedege, nenda hospitali saa hiyohiyo. Hata akipona, endelea kumwangalia: kifafa cha jeraha huweza kuanza miezi au miaka baadaye.

Akianguka kwa kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimshikilie kwa nguvu wala kumtia kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 bila kukoma, mkimbize hospitali.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Harriet alifanyiwa upasuaji wa kichwa huko Boston kwa sababu ya maumivu. Alifariki kwa nimonia tarehe 10 Machi 1913. Mwaka mmoja kabla, fenobabitoni ilikuwa imeanza kutumika kutibu kifafa, na inatolewa hadi leo. Kwa dawa zilizopo sasa, wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kifafa kuwarudia, mradi wazimeze kila siku. Usiziache kwa sababu mtoto anaonekana mzima; kuziacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kuliko cha mwanzo.

Ukija kliniki, mweleze muuguzi tukio lilianzaje, lilidumu muda gani, na kama mtoto amewahi kuumia kichwa, hata kama ni zamani. Ukiwa na simu yenye kamera, mrekodi likitokea. Sisi mara nyingi hatulioni, wewe ndiye unayeliona.