Elijah Masinde: Nabii wa Kimilili aliyepigwa muhuri wa wendawazimu

KATI ya miji ya Kitale na Bungoma, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, jina la Elijah Masinde halijasahaulika. Wazee humtaja kama nabii, wanahistoria humtaja kama mpigania uhuru, na vijana humjua kwa hadithi walizorithi kwa babu zao. Wasichokijua wengi ni kwamba kabla ya serikali ya kikoloni kumpeleka uhamishoni ilimtia hospitalini. Ilimpeleka Mathari, Nairobi, akiwa na cheti kwamba hana akili timamu.

Kila mwaka wafamasia wa Kenya, sawa na wenzao madaktari na wauguzi, huandaa kongamano la kitaifa. Huzungumzia dawa ghushi, bei, sheria na maadili ya kazi yao. Maisha ya Masinde yanahusu swali la mwisho katika orodha hiyo, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Je, dawa ni ya kumponya mgonjwa au ni ya kumnyamazisha anayesumbua wakubwa?

Masinde alizaliwa katika eneo la Kimilili, katika nchi ya Wabukusu, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Utoto wake ulikuwa wa kizazi kilichokuwa katikati ya dunia mbili. Wazee wake walikumbuka vizuri vita vya mwaka 1895, ambapo Wabukusu walipambana na kikosi kilichoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley katika ngome za Lumboka na Chetambe. Watu wengi waliangamia, mifugo ikachukuliwa, na tangu hapo amri ikawa inatoka kwa wageni. Yeye mwenyewe alisoma katika shule ya wamishonari wa Kikwekeri, akabatizwa, na kwa muda akawa mfuasi mwaminifu wa kanisa hilo.

Sifa yake ya kwanza haikutokana na dini wala siasa, bali kandanda. Masinde alikuwa mchezaji hodari, na mwaka 1930 alivaa jezi ya Kenya katika mashindano ya Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Mwanamume huyo wa miraba minne alipendwa na vijana, na wengi wa waliomshangilia uwanjani ndio waliokuja kumfuata baadaye katika mambo mazito zaidi.

Baada ya kandanda alipata kazi katika mahakama ya wenyeji ya Kimilili, ambako alikuwa akipeleka hati za mashtaka kwa watu waliotakiwa kufika mbele ya baraza. Kazi hiyo ilimfunza jinsi utawala ulivyomfikia mwananchi wa kawaida: kodi, faini, wito wa kazi za lazima, na chifu aliyesimamia yote hayo kwa niaba ya wazungu. Katika miaka ya 1930 aliiacha. Wakati huohuo alikosana na kanisa, lililomtenga kwa sababu ya kuoa mke wa pili.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, mzigo wa wananchi uliongezeka. Vijana walitakiwa jeshini. Wengine walipelekwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hasa upande wa Trans Nzoia. Huko Kitale, mji uliokua kwa kilimo cha wazungu na kufikiwa na reli mwaka 1926, maelfu ya Wabukusu waliishi kama maskwota katika ardhi ambayo walijua kwamba babu zao walilisha mifugo humo. Juu ya hayo, maafisa wa kilimo walitoa amri za kung'oa magugu na kuhifadhi udongo, na aliyekaidi alishtakiwa.

Ni katika hali hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambapo Masinde aliibuka na Dini ya Msambwa. Jina hilo linatokana na mizimu ya wahenga. Wafuasi wake walimwomba Wele, Mungu wa Wabukusu, wakauheshimu Mlima Elgon kama mahali patakatifu, na wakaamini kwamba Mwafrika hakuhitaji kuazima njia ya mtu mwingine ili kumfikia Muumba wake. Hata hivyo, hawakuitupa Biblia yote. Walichokataa ni dini iliyowafundisha kuinama huku ardhi yao ikichukuliwa. Wito wao ulikuwa wazi: wageni waondoke, na ardhi irudi kwa wenyewe.

Mwaka 1944 Masinde alikataa hadharani kutii amri ya kung'oa magugu. Alikataa pia watu wake wasichukuliwe kwa kazi za lazima, na akakabiliana ana kwa ana na waliotumwa kutekeleza amri hizo. Alishtakiwa, akaonywa, lakini hakubadilika. Mwaka uliofuata serikali ilichukua njia nyingine. Badala ya kumfunga kama mhalifu, ilimtangaza kuwa mwendawazimu na kumpeleka Mathari.

Faida ya uamuzi huo kwa watawala ni rahisi kuiona. Mfungwa wa kisiasa ana hoja, na hoja huenea. Mgonjwa wa akili hana hoja. Ana dalili tu. Anaposema kwamba ardhi iliibwa, maneno yake huandikwa kwenye faili kama ushahidi wa maradhi. Anapokasirika, hasira yake ni dalili nyingine, na anaponyamaza, ukimya nao huwa na maana. Kwa cheti kimoja, malalamiko ya wakulima wa Kimilili na maskwota wa Kitale yaligeuzwa kuwa kasoro ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Wakati Masinde alipofikishwa huko ilikuwa chini ya Dkt J. C. Carothers, aliyekabidhiwa uongozi wake mwaka 1938 bila kuwa na mafunzo maalum ya magonjwa ya akili. Daktari huyo alikuja kujulikana duniani. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi yake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika hutumia sehemu ya mbele ya ubongo kwa kiwango kidogo kuliko Mzungu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Nadharia hizo zilikataliwa na wataalamu waliofuata, lakini zinaonyesha hospitali ya wakati huo iliendeshwa kwa fikra gani.

Mfamasia wa leo atauliza mara moja mgonjwa wa wakati huo angepewa dawa gani. Mwaka 1945 hapakuwa na dawa yoyote duniani iliyotibu wazimu wenyewe. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, klopromazini, ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950 na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952. Kabla ya hapo, rafu za hospitali kama hizo zilikuwa na vitulizaji tu, kama vile bromidi na paraldehaidi, dawa za kumlaza mgonjwa na kupunguza fujo. Kwa maneno mengine, hata mgonjwa wa kweli angetulizwa bila kuponywa. Kwa mtu aliyeletwa kwa sababu za kisiasa, kutulizwa ndiko kulikotakiwa.

Masinde aliachiliwa mwezi Mei 1947. Kama lengo lilikuwa kumpoza, halikufanikiwa hata kidogo. Mnamo Septemba mwaka huohuo aliongoza maelfu ya wafuasi hadi kwenye ngome ya kale ambako wazee wao walipigana mwaka 1895, ili kuwakumbuka waliouawa. Mtu ambaye serikali ilisema hana akili alikuwa ameweza kupanga mkutano mkubwa, kuuongoza, na kuunganisha msiba wa kale na dhuluma ya siku hizo.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya damu. Mnamo Februari 10, 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi na kuua watu 11. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa na dini yake ikapigwa marufuku. Safari hii hakuna aliyezungumzia wazimu. Alipelekwa uhamishoni Lamu, mamia ya kilomita kutoka Mlima Elgon, akakaa huko takriban miaka 12. Serikali ilikuwa imekiri kwa vitendo kile ilichokikana kwa cheti, kwamba iliyemwogopa alikuwa mtu mwenye akili zake.

Marufuku haikuimaliza dini hiyo. Mashambani Trans Nzoia mali za walowezi ziliteketezwa kwa moto. Upande wa Pokot, mfuasi mmoja, Lukas Pkiech, aliongoza kundi lililopambana na askari huko Kolloa mwezi Aprili 1950, ambapo yeye na watu wengine wengi waliuawa.

Masinde alirudi nyumbani wakati Kenya ikijiandaa kwa uhuru. Mwaka 1964 dini yake iliruhusiwa kisheria. Angeweza kuzeeka kwa raha kama mmoja wa mashujaa wa taifa jipya, lakini hakuwa mtu wa kubadilisha wimbo kwa sababu mpiga ngoma amebadilika. Aliendelea kudai ardhi na kuwakosoa wakubwa, sasa wakiwa Waafrika wenzake. Mwaka 1968 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliipiga marufuku Dini ya Msambwa kwa mara nyingine, na Masinde akawa mtu wa kuingia na kutoka gerezani. Aliachiliwa mwaka 1978, baada ya Daniel arap Moi kushika urais. Alifariki dunia mwaka 1987.

Hakuwa malaika. Wapo waliodhuriwa na ghadhabu ya wafuasi wake, na wapo Wabukusu wenzake, hasa Wakristo, waliomwona kama mkorofi aliyewaletea balaa. Mwanahistoria anayepima maisha yake hana budi kuyaweka hayo yote kwenye mizani. Lakini ukorofi si ugonjwa, wala imani ambayo mtawala haielewi si wazimu.

Yaliyompata hayakuishia Kenya ya kikoloni. Katika Muungano wa Kisovieti, hadi miaka ya 1980, wakosoaji wa serikali walitiwa katika hospitali za akili na kupewa dawa kali, safari hii zikiwemo zile mpya ambazo hazikuwepo wakati wa Masinde. Mwaka 1977 madaktari wa akili wa dunia, wakikutana Hawaii, walipitisha azimio la maadili lililokataza utaalamu wao kutumiwa dhidi ya mtu asiye na maradhi. Azimio hilo lilizaliwa katika kongamano la wanataaluma, la aina ile ambayo wengine huiona kama mahali pa hotuba na chai tu.

Hapo ndipo umuhimu wa mikutano ya kila mwaka ya wafamasia na wenzao unapoonekana. Mfamasia mmoja katika zahanati ya Bungoma au hospitali ya Kitale ni dhaifu mbele ya amri ya mkubwa. Chama chenye maadili yaliyoandikwa na kukubaliwa na wote humpa mahali pa kuegemea anapolazimika kukataa. Sheria ya Famasia na Sumu, iliyoanza kutumika nchini mwaka 1957, inaeleza nani anaruhusiwa kutoa dawa. Lakini sheria pekee haiwezi kumpa mtu moyo wa kuuliza dawa hiyo inatolewa kwa faida ya nani.

Mwaka 1945 cheti kilitiwa sahihi, na mtu mwenye akili timamu akawa mgonjwa kwa karibu miaka miwili. Walioshiriki walikuwa wasomi, wenye vyeo na viapo vyao. Kimilili walijua ukweli tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyewauliza.