Rachel Carson na sumu yenye haiishi

Wazee wetu wanajua jina ya DDT. Wakati wa Wabelgiji ilikuwa inapigwa juu ya kuua mbu, na wengi waliona ni dawa nzuri tu. Mu Marekani, mwanamuke mumoja alisimama na kuuliza swali yenye wakubwa hawakupenda kusikia: kiisha kuua mbu, ile dawa inaenda wapi? Jina yake Rachel Carson. Bamama wenye mimba na wenye kunyonyesha, hii habari yake ni yenu.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 ku Springdale, karibu na Pittsburgh, fasi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Mutoto wa Katanga angefika kule, angeijua ile moshi. Baba hakukuwa na pesa mingi. Mama yake, Maria, alikuwa mwalimu mbele ya kuolewa. Alikuwa anatembea na mutoto mu pori, anamufundisha habari za ndege na majani. Rachel akiwa na miaka 11, gazeti moja ya watoto ikachapisha hadithi yake.

Ku masomo alianza na uandishi, kiisha akageuka akachukua biolojia. Alimaliza ku univerisite ya Johns Hopkins mu 1932. Alitaka kuendelea, lakini mu 1935 baba akakufa, na mukate wa nyumba ukaanguka juu yake. Akapata kazi mu idara ya samaki ya serikali, kuandika habari za bahari. Mu 1937 dada yake akakufa, akaacha mabinti wawili. Rachel na mama yake wakawalea, na mushahara wake njo ulikuwa unakulisha wote.

Kitabu yake juu ya bahari, ya mwaka 1951, iliuzika sana, akaweza kuacha kazi ya serikali. Mu 1957 mumoja wa wale mabinti akakufa pia, akaacha kijana wa miaka 5. Rachel akamuchukua akuwe mutoto wake. Hakuolewa, hakuzaa, lakini kwetu angeitwa mama tu.

Ile wakati DDT ilikuwa na sifa kubwa. Wakati wa vita iliokoa askari na chawa na mbu. Mwenye alivumbua nguvu yake, Paul Müller, alipewa Prize Nobel mu 1948. Kiisha vita, ndege zikaanza kuimwaga juu ya mashamba, juu ya pori, hata juu ya nyumba za watu. Mu Januari 1958, rafiki mumoja akamuandikia Rachel kama ndege wa kwake wamekufa kiisha ile kunyunyiza. Rachel akaanza kutafuta. Akasoma kazi za wajuzi wengi, akawaandikia, akaunganisha yote.

Hivi njo alikuta. DDT haiyeyuke mu maji, inayeyuka mu mafuta. Haiozi mbio. Mvua inaipeleka mu muto, vidudu vidogo vinaikula, samaki wanakula vile vidudu, mutu anakula samaki. Kila hatua inazidi. Mu mwili inajificha mu mafuta, inaweza kukaa miaka mingi. Mama akinyonyesha, inatoka mu mafuta yake na kuingia mu maziwa. Hata mbele ya kuzaa, inapita mu damu na kufikia mutoto mu tumbo.

Kuko jambo ingine. Mu 1950 watafiti wawili walipatia jogoo wadogo DDT. Wakakomaa vibaya: ile nyama nyekundu ya ku kichwa haikukomaa, viungo vya uume vikabakia vidogo. Sumu ilikuwa inajifanya sawa homoni ya kike. Homoni ni mujumbe wa mwili. Anapeleka habari kama kiungo hiki kikomae, kile kingoje. Mutu mukubwa anaweza kuvumilia mujumbe wa uongo. Mutoto mwenye anatengenezwa mu tumbo, hapana.

Mu 1960 wakati alikuwa bado anaandika, Rachel akapatwa na kansere ya maziwa. Wakamupasua, lakini munganga hakumuambia ukweli wote. Aliijua kiisha miezi mingi. Hakuna mutu anaweza kusema DDT njo ilileta ule ugonjwa. Yeye mwenyewe aliuficha, juu maadui wasiseme anaandika kwa uchungu.

Kitabu, Silent Spring, ilitoka mu Septemba 1962. Sosiete za dawa zikamushambulia, wengine wakamucheka kwa sababu hana bwana. Kumbe hakusema dawa zote ziachwe. Aliomba watu wajue kile wanapewa, na zitumiwe kwa akili. Mu 1963 wajuzi wa Prezidenti Kennedy wakaona iko na haki. Mwezi wa Juni, mugonjwa sana, akaenda kusema mbele ya Sena. Alikufa tarehe 14 Aprili 1964, na miaka 56. Kijana wake alikuwa na miaka 12.

Mu 1972 Marekani ilikataza DDT mu mashamba. Kuko damu ya wanamuke wenye mimba wa California, iliwekwa kuanzia 1959. Mu 2015 watafiti walionyesha: mabinti wa wale mama wenye walikuwa na DDT mingi mu damu walipata kansere ya maziwa karibu mara nne kupita wengine.

Mapatano ya Stockholm ya 2001 iliacha DDT kwa kupigana na vidudu vyenye vinaleta magonjwa tu, sawa mbu wa malaria. Mu ile liste ya kwanza kuko pia PCB, yenye iliwekwa mu mafuta ya transfo za zamani. Ile pia inakaa mu mafuta ya mwili na kupita mu maziwa. Basi baba, mafuta ya transfo isiingie ku nyumba: si ya kukaangia, si ya kupakaa mutoto. Na bidon yake isitiwe maji ya kunywa. Mama, usiache kunyonyesha, maziwa yako ingali chakula bora ya mutoto. Kazi ni kufunga njia mbele sumu haijafika ku mwili wako.