Mfalme Msiri na Misalaba ya Shaba

Kaskazini ya Lubumbashi, karibu na mto Lufira, kuna mahali paitwapo Bunkeya. Zamani palikuwa mji mkuu wa mfalme mwenye nguvu sana katika Katanga. Mfalme huyo aliitwa Msiri.

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830 katika nchi ya Wanyamwezi, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanya biashara. Alisafiri kwa miguu pamoja na wapagazi wake mpaka Katanga, kununua shaba. Kijana Ngelengwa akaiona nchi hiyo, akaitamani. Karibu mwaka 1856 alikuja kukaa huko.

Kwa nini watu walitoka mbali namna ile kutafuta shaba? Kwa sababu wenyeji wa Katanga walikuwa mafundi wa shaba tangu miaka mamia mengi. Kila kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, waliondoka vijijini kwenda machimboni. Waliokota mawe ya rangi ya kijani, wakayaponda, wakayatia pamoja na makaa katika tanuru la udongo wa kichuguu. Wengine walivuta mivukuto mpaka moto ukawa mkali. Shaba ilipoyeyuka, waliimimina katika mfuo uliochimbwa mchangani. Ilipopoa, ilitoka msalaba wenye mikono minne iliyo sawa.

Misalaba hiyo ilikuwa feza yao. Kwayo walinunua vitu, na kwayo walilipa mahari. Umbo lake halikuletwa na Wazungu. Misalaba midogo ya shaba imefukuliwa katika makaburi ya kale karibu na ziwa Kisale, na makaburi hayo ni ya zamani kuliko safari ya Mzungu wa kwanza katika nchi hii.

Msiri alikuja na watu wachache, lakini walikuwa na bunduki. Aliwasaidia wakuu wa Wasanga kuwashinda adui zao. Kidogo kidogo nguvu zake zikaongezeka, na mwisho yeye mwenyewe akashika utawala. Watu wake waliitwa Wayeke, na ufalme wake Garenganze.

Wayeke walikuwa na ufundi wao. Waliivuta shaba mpaka ikawa uzi mwembamba, nao wakaufanyia vikuku. Wakuu walio chini ya Msiri walimletea kodi ya shaba, pembe za ndovu na chumvi. Misafara yake ilielekea pande mbili: mashariki mpaka pwani ya Waswahili, na magharibi mpaka Benguela, katika Angola. Ilirudi na nguo, shanga, baruti na bunduki. Lakini si shaba na pembe tu zilizouzwa. Watu pia walifungwa kamba wakauzwa kama watumwa. Hivyo utajiri wa Bunkeya ulichanganyika na machozi.

Mwaka 1886 Frederick Arnot, mmisionari Mskoti, alifika Bunkeya, na Msiri akampokea vizuri. Lakini habari za shaba zilikuwa zimekwisha kufika Ulaya. Waingereza waliitaka nchi, na Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, aliitaka pia. Wakati huo huo Wasanga, waliochoka na ukali wa Msiri, waliasi. Njaa ikaingia Bunkeya, na watu wengi wakaukimbia mji.

Mwezi wa Desemba 1891 alifika Kapiteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Leopold. Alimtaka Msiri akubali bendera yake. Msiri alikataa kuitoa nchi yake. Stairs akaipandisha bendera bila ruhusa yake, naye mfalme akaondoka usiku kwenda kijiji cha Munema. Kesho yake, tarehe 20 Desemba, Kapiteni Bodson alimfuata huko, akampiga risasi akafa. Bodson naye alipigwa na mtu wa Msiri, akafa. Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, alishika nafasi ya baba yake, lakini chini ya amri ya Wazungu.

Mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa katika kiwanda kikubwa cha Lubumbashi. Matanuru ya kichuguu yalizimika. Lakini msalaba haukusahauliwa. Katanga ilipojitenga na Kongo, toka 1960 mpaka 1963, msalaba uliwekwa katika bendera yake, na katika sarafu zilizotolewa mwaka 1961.

Msiri alikusanya shaba nyingi, na alikufa akiikatalia nchi yake isichukuliwe. Lakini siku ya hatari wengi wa wale waliomletea shaba hawakusimama naye, kwa kuwa alikuwa amewaonea. Mfalme aweza kuhesabu misalaba yake yote; akiwapoteza watu wake, amekuwa maskini.