Miaka 50 ya Rebmann Rabai

Januari iliyopita nilitimiza miaka 50 nikiwa Doha. Wenzangu wa chumbani, Mtaita mmoja na vijana wawili wa Kilifi, walileta keki ya dukani na soda, tukala tukiwa tumekaa vitandani maana viti vyetu ni viwili tu. Usiku mama akapiga simu kutoka Rabai. Habari za keki hakuziuliza. Aliniuliza nina miaka mingapi huku, nikamwambia 17. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mtu akikaa ugenini sana, akirudi hata mbwa wa kwao humbwekea.

Simu ilipokatika sikupata usingizi, na aliyenijia akilini ni mtu aliyezikwa zamani, Johannes Rebmann. Kwa sisi tuliosomea Rabai jina hilo si geni, ila huwa halitajwi peke yake. Tulifundishwa Krapf na Rebmann kama kurwa na doto, na mara nyingi Krapf ndiye aliyepata maelezo. Hata makumbusho ya pale kwetu yana jina la Krapf. Lakini Krapf alikaa pwani yetu miaka tisa akaondoka mwaka 1853. Rebmann alikaa miaka 29 mfululizo bila kukanyaga Ulaya. Naye alizaliwa Januari, akatimiza miaka 50 ugenini. Tofauti ni kwamba ugenini kwake ndiko kwetu.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani ya kusini. Wakati huo lilikuwa eneo la wakulima wa mizabibu, watu washika dini. Akasomea umishonari Basel, Uswisi, kisha London, na shirika la CMS la kanisa la Anglikana likamleta Mombasa Juni 1846. Alikuwa na miaka 26. Krapf alikuwa ameshatangulia miaka miwili na alikuwa ameshamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa Nyali, ambako kaburi liko hadi leo. Kwa hiyo Rebmann hakuja akiwa hajui. Jambo la kwanza ambalo mgeni huyu angeonyeshwa pwani ni kaburi.

Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo wawili hao walipanda Rabai kuanzisha misheni, na siku hiyo wote wawili walikuwa hoi kwa homa. Wazee wa Rabai waliwapa mahali pa kujenga. Hilo huwa tunalipita haraka tunaposimulia, kana kwamba ardhi ilikuwa imelala tu ikisubiri. Wazee ndio waliokubali, na wangeweza kukataa.

Jambo linalotajwa sana katika maisha yake lilitokea mapema, akiwa na miaka 28. Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka kuelekea Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa misafara, na wapagazi wachache. Yeye mwenyewe alibeba mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe kwenye kilele cha mlima, akamuuliza kiongozi wake ni nini, naye akamjibu kwamba ni baridi tu. Rebmann, aliyekulia penye theluji, akaelewa papo hapo. Baadaye alisimuliwa jinsi zamani mtawala mmoja wa Uchagani alivyotuma watu wakalete kile cheupe akidhani ni fedha, na kikageuka maji.

Vitabu vingi husema aliugundua Kilimanjaro. Mimi neno hilo silipendi. Wachaga walikuwa wakilima kwenye miteremko yake, na Bwana Kheri alikuwa akiwaongoza watu njia ile kama mtu anavyokwenda Mazeras. Rebmann aliandika alichokiona, habari ikachapishwa London mwaka 1849, na hapo ndipo balaa lake lilipoanza. Mtaalamu wa jiografia aliyeitwa Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, aliandika kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto. Ubishi uliendelea miaka mingi. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda mlima ule hadi juu sana na theluji ikamwangukia. Fikiria mtu anayesubiri miaka 13 aaminiwe kwa jambo aliloliona kwa macho yake mawili, macho ambayo baadaye ndiyo yaliyomsaliti.

Alirudi Uchagani mara mbili zaidi. Safari ya mwisho, mwaka 1849, alikuwa na nia ya kupita hadi Unyamwezi. Alipofika Machame, mtawala Mamkinga akamchukulia mali kidogo kidogo kwa jina la zawadi mpaka hakubaki na cha kumfikisha mbele. Akarudi Rabai mgonjwa, mikono mitupu. Safari ndefu za bara zikaishia hapo, na alikuwa hajafika hata miaka 30.

Hapa ndipo wanaoandika habari zake huanza kukimbia, maana hakuna milima tena. Kwangu mimi ndipo panapoanza kunoga. Mtu huyu alikaa. Mwaka 1851 alimwoa Mwingereza, Emma Tyler, ndoa ikafungwa Misri, wakarudi pamoja. Mtoto wao wa pekee hakuishi. Vita vya Wamaasai vilipofika karibu na pwani mwaka 1857, ikabidi wahamie Unguja kwa muda, kisha wakarudi kulekule mlimani. Na siku zote hizo alikuwa akikusanya maneno.

Kukusanya maneno si kazi ya kupigiwa makofi. Alikusanya ya Kiswahili, ya Kirabai, na ya Kinyasa, lugha ya mbali kabisa, ya kando ya Ziwa Nyasa. Kinyasa alifundishwa na mtu aliyeitwa Salimini, ambaye alitekwa kwao akauzwa, akaishia kuwa mtumwa Mombasa. Wakae wawili hao, mmoja Mjerumani aliyekuja kwa hiari na mwingine Mnyasa aliyeletwa kwa minyororo, mmoja anauliza hiki kwenu mwakiitaje, mwingine anataja vitu vya nyumbani ambako hatarudi. Kamusi ile ilichapishwa mwaka 1877. Ningekuwa na uwezo ningeandika majina yote mawili juu ya jalada.

Kwa kuwasikiliza wafanyabiashara wa misafara, yeye na mwenzake Erhardt pia walichora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ziwa lilichorwa vibaya, wasomi wa Ulaya wakalicheka umbo lake. Lakini Burton na Speke walitumwa mwaka 1856 kwenda kulitafuta, na walipofika kumbe maziwa ni matatu mbalimbali. Wao wakapata sifa. Burton alipita Rabai kumtembelea Rebmann kabla ya safari hiyo, akaendelea zake.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Tarehe 16 Januari 1870 iliangukia Jumapili. Ni majira ya kaskazi, jua la Rabai mnalijua. Rebmann anafikisha miaka 50, na 23 na nusu kati ya hiyo ameimalizia pwani yetu. Ukihesabu kama wanavyohesabu walio mbali, mkononi hana kitu. Krapf yuko kwao Ujerumani miaka mingi. Erhardt alishaondoka. Emma alifariki mwaka 1866, hivyo Rebmann ni mjane wa mwaka wa nne. Macho yameanza kufifia. Waumini aliowabatiza ni wachache kiasi kwamba majina yao yanajulikana mmoja mmoja. Wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mlemavu ambaye hakuishi muda mrefu. Baadaye akaja Abe Gunja, aliyebatizwa mwaka 1861. Kwa asiyejua Kirabai, Abe ni baba, yaani Baba Gunja.

Na hali ya pwani yenyewe haikuwa ya sherehe. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Unguja miezi michache tu kabla na kilikuwa kikiua watu kwa maelfu. Biashara ya watumwa baharini ilikuwa bado halali chini ya Sayyid Majid, na miaka mitatu ilikuwa bado kabla ya kupigwa marufuku.

Lakini kuna jambo moja la miezi hiyo ambalo mtu aliyeko ugenini halipiti hivi hivi. Novemba 1869, miezi miwili tu kabla ya Rebmann kufikisha 50, Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Safari ya Ulaya ikawa fupi kuliko ilivyowahi kuwa tangu azaliwe. Nauli na njia, vile visingizio viwili tunavyovitumia sote, kimoja kilikuwa kimekwisha. Hata hivyo hakuondoka. Alikaa miaka mitano mingine, macho yakizidi kuzimika.

Kuna watakaosema ulikuwa ukaidi. Hata ndani ya shirika lake wapo waliouona hivyo. Alikuwa mtu mgumu, asiyependa haraka, na wageni waliokuja kumsaidia hawakudumu naye. Nami sikatai, ukaidi ulikuwapo. Mtu mmoja kung'ang'ania kilima kimoja miaka yote hiyo, akisubiri watu waje mmoja mmoja, si hesabu ya ofisi yoyote ninayoijua. Lakini nikiutazama ukaidi ule kutoka kwenye kitanda changu Doha, naona kitu kingine pia. Kufikia 1870 alikuwa amezungumza Kirabai kila siku kwa miaka mingi kuliko aliyokaa Gerlingen. Tangu 1864 walikuwapo Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, kina George David na Ishmael Semler, waliokuja kusaidia kazi ya misheni. Watoto wa Abe Gunja walikua mbele ya macho yake, alipokuwa bado anaona. Kaburi la Emma lilikuwa huku. Ukimwambia mtu kama huyo arudi nyumbani, ana haki ya kukuuliza nyumbani wapi.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kwa Sultan kuhusu biashara ya watumwa, alifika Rabai akamkuta Rebmann karibu kipofu, amezungukwa na kamusi zake. Ziara hiyo ilileta mabadiliko: fedha zikaja, watu wakaja, na Frere Town ikaanzishwa Kisauni kwa ajili ya walioachiliwa huru. Kila kitu ambacho Rebmann hakupewa kwa zaidi ya robo karne kikamiminika ndani ya miaka miwili, wakati yeye hawezi tena kukiona. Mimi hapo huwa naona uchungu kwa niaba yake, sijui kama yeye aliuona.

Mwaka 1875 akakubali kuondoka. Kipofu hasafiri peke yake, na waliomwongoza hawakuwa ndugu zake wa Gerlingen. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, kijana wa Rabai. Alishuka naye kilima, akapanda naye meli, akafika naye Ulaya. Jamaa waliomuaga akiwa kijana walimpokea akiwa mzee asiyeona, na anayemweleza yaliyo mbele yake ni Mrabai.

Alikwenda kukaa Korntal, mji ambao Krapf alikuwa akiishi, wazee wawili wa Rabai wakawa majirani tena baada ya zaidi ya miaka 20. Alioa mara ya pili, mjane wa mmishonari. Hakumaliza miezi mingi. Tarehe 4 Oktoba 1876 nimonia ilimchukua akiwa na miaka 56.

Nilipopata likizo mwezi wa nne nilimpeleka mama pale makumbusho, kwa mara yake ya kwanza, ingawa amezaliwa na kuolewa papo hapo Rabai. Nilimwonyesha nyumba aliyoishi Rebmann, nikamweleza habari za macho na za safari ya mwisho. Alisikiliza huku akijipepea kwa kitambaa. Alichotaka kujua ni kuhusu yule kijana, Nyondo. Kwamba baada ya kumfikisha mzee kwao, yeye alirudi? Nikamwambia alirudi, akawa mwalimu. Akaridhika, akasema twende, jua linazidi.

Tiketi yangu ya kurudi Doha ilikuwa ya Ijumaa. Nilikuwa sijamwambia bado.